Kucheza, Kuchezea na Kuchezesha: Nafasi ya Mgeni katika Maonyesho ya Sanaa

Kitenzi *cheza* kimebeba mzigo mkubwa katika Kiswahili. Watoto hucheza, wazee hucheza bao, vijana hucheza mpira, na ngoma nayo huchezwa. Tamthilia ingali ikiitwa mchezo wa kuigiza, na katika sehemu kadha za pwani mwali aliyekwisha kufundwa unyagoni husemwa kwamba amechezwa. Hapana anayedhani kwamba mwali huyo amefanyiwa mzaha. Papo hapo, mtu akitaka kueleza uzito wa jambo husema kwamba jambo hilo si mchezo. Neno moja, kwa hiyo, hutaja shughuli zilizo nzito kabisa na zilizo nyepesi kabisa, na wasemaji hawaoni mgongano wowote.

Kitenzi hicho kikinyambuliwa, maana hugawanyika. Kuchezea ni kutumia kitu au mahali kwa ajili ya mchezo, kama vile mwanasesere wa kuchezea au kiwanja cha kuchezea; lakini pia ni kukitia kitu mkono usiostahili, kama katika onyo la kutochezea moto au kutochezea mali ya watu. Kuchezesha ni kumfanya mwingine acheze. Refa huchezesha mechi: yeye haupigi mpira, wala si mtazamaji, bali filimbi yake ndiyo ianzishayo na ndiyo imalizayo.

Mwanahistoria wa Uholanzi, Johan Huizinga, katika kitabu chake *Homo Ludens* cha mwaka 1938, alitenga sura nzima kwa ajili ya maneno yanayotaja mchezo katika lugha mbalimbali. Alipitia Kigiriki, Kisanskriti, Kichina, Kijapani, Kilatini na jamii ya lugha za Kijerumani, akatafuta ni wapi dhana ya mchezo imekusanywa katika neno moja na ni wapi imetawanyika. Lugha za Kibantu hakuzifikia. Kama angalizifikia, huenda angaliona kwamba swali lake lina upande mwingine: si neno lipi litajalo mchezo tu, bali pia ni nani aliye mtenda, ni nani aliye mtendwa, na ni nani amtendeshaye mwenzake. Hayo Kiswahili huyaeleza kwa viambishi vya mwisho wa kitenzi.

Swali hilo lina faida kubwa kwa mtu anayechunguza historia ya maonyesho ya sanaa katika karne ya ishirini na mwanzo wa hii ya ishirini na moja. Katika maonyesho hayo mgeni hakutakiwa tena asimame kimya mbele ya picha, bali alialikwa ashike, apande, ateleze, avae, abandike, avunje hata. Wengi waliosimulia historia hiyo wameisimulia kama habari ya ukombozi: mgeni alikuwa bubu, wasanii wakampa ulimi, alifungwa mikono, wakamfungua. Masimulizi hayo yana ukweli ndani yake, lakini yanaficha jambo. Majumba ya sanaa yalipomwalika mgeni acheze yaliogopa tangu mwanzo kwamba atachezea, na hofu hiyo ndiyo iliyoyafanya hatimaye yatulie katika kazi ya kuchezesha. Wala hofu yenyewe haikuwa ya vitu peke yake. Mara nyingi ilikuwa hofu ya watu.

Hapana budi kuanzia kwenye katazo lenyewe, kwa sababu wengi hudhani kwamba lina umri sawa na majumba ya makumbusho. Sivyo. Makumbusho ya Ashmolean ya Oxford yalifunguliwa mwaka 1683, na Mjerumani mmoja msomi, Zacharias Conrad von Uffenbach, alipoyazuru mwaka 1710 alichukizwa na jinsi wageni wa kila namna, wanawake wakiwamo, walivyokuwa wakishika kila kitu mle ndani. Alichukizwa, lakini kushika kwenyewe kulikuwa kawaida. Hata mwaka 1786 mwandishi Sophie von La Roche alipotembelea British Museum aliruhusiwa kuvishika vitu vya kale, akatia mkono katika majivu ya maiti yaliyokuwa ndani ya chungu, na akayaandika hayo kwa furaha ya mtu aliyekutana uso kwa uso na waliotangulia. Mkono ulihesabiwa kuwa ni njia ya maarifa.

Mambo yalibadilika katika karne ya kumi na tisa, milango ya majumba hayo ilipofunguliwa kwa umma mkubwa zaidi, wakiwamo wafanyakazi wa viwandani na familia zao. Mkono wa bwana mwenye elimu ulikuwa umeaminiwa. Mkono wa mtu wa kiwandani ulidhaniwa kuwa mchafu na mharibifu. Vioo vikaja, kamba zikaja, na mabawabu wakaja. Katazo la kugusa, basi, lilikomaa wakati ule ule umma ulipokaribishwa ndani, na yafaa jambo hili likumbukwe kila inaposemwa kwamba katazo hilo ni la kulinda vitu tu.

Vioo hivyo na maghala yaliyokuwa nyuma yake vilipokea pia vitu vya watu waliotawaliwa. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, ilitwaliwa na maofisa wa Kiingereza mwaka 1902, ikafika British Museum mwaka 1908, ikatiwa ghalani na kukaa humo zaidi ya miaka mia moja. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba huko ilikotoka kila mtu alikuwa na ruhusa ya kuigusa. Ngadji ilikuwa na wenyewe, na wengi hawakuruhusiwa hata kuiona. Tofauti ni kwamba huko miiko iliwekwa na watu ambao ngoma hiyo iliwahusu. Kadhalika, mchezo wenye hatari si lazima uwe mchezo usio na sheria. Katika kirumbizi cha Lamu wanaume wawili huingia katikati ya duara na bakora zao, wakafuata mdundo, na anayetaka akapokea zamu. Bakora ni bakora, lakini duara linajua wapi pa kukomea, na hapana ubao wa matangazo uliotundikwa.

Wasanii wa Ulaya na Marekani walianza kulichokoza katazo hilo mapema. Marcel Duchamp alipotandaza uzi chumba kizima katika maonyesho ya Wasurrealisti huko New York mwaka 1942, hata picha zikawa hazifikiki, aliwapanga watoto waje usiku wa ufunguzi wacheze mpira kati ya wageni waliovalia rasmi. Inasimuliwa kwamba watoto hao waliagizwa, wakiulizwa, waseme kwamba Bwana Duchamp ndiye aliyewaruhusu. Yeye mwenyewe hakuhudhuria. Huo ulikuwa uchezeshaji uliokamilika: refa hayupo uwanjani na mechi inaendelea.

Kule Japani, kundi la Gutai lilichukua njia ya upole zaidi. Katika maonyesho ya nje waliyoyafanya mjini Ashiya mwaka 1956, kiongozi wao Yoshihara Jiro alisimamisha ubao mkubwa bustanini akawaomba wapitao wachore wapendavyo, na watoto na wazazi wao wakachora. Mjini Paris, kuanzia mwaka 1960, lilikuwapo kundi la Groupe de Recherche d'Art Visuel, miongoni mwao Julio Le Parc kutoka Ajentina na François Morellet Mfaransa. Mwaka 1963 walijenga chumba cha kuzungukazunguka, mithili ya njia za mafumbo, katika Biennale ya Paris, na tamko lao la mwaka huo likatangaza kwamba ni marufuku kutoshiriki, marufuku kutogusa, marufuku kutovunja. Wasomaji wa tamko hilo wamefurahishwa na ukali wake, lakini mtu wa lugha hawezi kuacha kuona kwamba uhuru huo ulitangazwa kwa sarufi ya bawabu. Neno marufuku limebaki pale pale lilipokuwa. Kilichogeuzwa ni kitenzi kinachofuata. Tarehe 19 Aprili 1966 kundi hilo lilitoka nje kabisa, likashinda katika barabara za Paris kutoka asubuhi hadi usiku, likiweka vibao vinavyoyumba ili wapiti njia wavikanyage, na kuwagawia watu filimbi. Filimbi kugawiwa kwa umma ni jambo lenye maana: kwa siku moja kila mpita njia alikuwa refa.

Lakini tukio linaloonyesha dhahiri kuliko yote kilichokuwa kikigombewa lilitokea Rio de Janeiro, tarehe 12 Agosti 1965. Brazili ilikuwa chini ya serikali ya kijeshi tangu mwaka uliotangulia. Hélio Oiticica, kijana aliyelelewa katika nyumba ya wasomi, alikuwa amekwisha kuupanda mlima wa Mangueira, mtaa wa mabanda wenye chama mashuhuri cha samba, akajifunza kucheza samba huko hata akakubaliwa kuwa mmoja wao. Kutokana na mafunzo hayo alibuni alivyoviita Parangolé: majoho, bendera na mahema ya vitambaa, magunia na plastiki, yaliyoshonwa kwa tabaka juu ya tabaka. Vikitundikwa ukutani havina maana. Vikivaliwa na mtu anayecheza, tabaka hufunguka na rangi hutoka, na kazi ya sanaa huwa ni yule mtu pamoja na nguo pamoja na mdundo.

Oiticica alialikwa katika maonyesho ya *Opinião 65* kwenye Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya mji huo. Alikuja na watu wa Mangueira, wamevaa Parangolé na kupiga ngoma zao. Wakatolewa nje. Waliendelea kucheza bustanini, na sehemu ya umati ikawafuata huko.

Yafaa tukio hilo lisomwe polepole. Watu wa Mangueira hawakugusa picha ya mtu. Hawakuchezea kitu. Walikuwa wakicheza, kwa maana kamili ya neno, na nguo walizozivaa ndizo kazi zilizoalikwa. Kilichoonekana hakivumiliki ndani ya jumba lile ni miili ya watu weusi na maskini ikifanya kwa ustadi jambo ambalo jumba lenyewe lilikuwa limekiri kuwa ni sanaa. Wanaosema kwamba makatazo ya makumbusho yapo kwa ajili ya usalama wa vitu hawana budi kueleza ni kitu gani kilichokuwa hatarini siku ile. Miaka minne baadaye, mwaka 1969, Oiticica alipewa jumba zima la Whitechapel mjini London. Akamwaga mchanga na nyasi kavu sakafuni, akawataka wageni wavue viatu na kulala humo wapendavyo. London ilipokea kwa mikono miwili kile ambacho jumba la Rio lilikuwa limekifukuza. Lakini London ilipokea mchanga na nyasi na mahema. Wapiga ngoma wa Mangueira hawakuwamo.

Katika miaka hiyo hiyo, jumba la Moderna Museet la Stockholm, chini ya mkurugenzi wake Pontus Hultén, lilikwenda mbali zaidi kuliko jumba lingine lolote kubwa la Ulaya. Mwaka 1966 Niki de Saint Phalle, Jean Tinguely na Per Olof Ultvedt walijenga humo sanamu ya mwanamke mjamzito amelala chali, mwenye urefu wa zaidi ya mita 20, ambayo wageni waliiingia kwa mlango uliokuwa kati ya mapaja. Ndani mlikuwa na sinema ndogo, dimbwi la samaki, na katika titi moja baa ya maziwa. Taa za kuongozea magari ziliwekwa mlangoni ili kuzuia msongamano. Baada ya miezi mitatu sanamu hiyo ilibomolewa, kama ilivyokusudiwa tangu mwanzo. Habari zake zimesimuliwa mara nyingi, wala hapana haja ya kuzirefusha.

Lenye uzito zaidi ni lile lililofuata mwaka 1968. Palle Nielsen, msanii kutoka Denmark, alikuwa ameshiriki mapema mwaka huo katika kujenga bila kibali viwanja vya michezo vya watoto nyuma ya nyumba za wapangaji wa Copenhagen, katika mitaa ya wafanyakazi isiyokuwa hata na mti. Mwezi wa Oktoba alilichukua wazo hilo hadi Moderna Museet na kuliita *Modellen*, yaani Mfano: mfano wa jamii yenye ubora. Ukumbi mkubwa uligeuzwa kuwa kiwanja. Palikuwa na majukwaa na madaraja ya mbao, bwawa lililojaa vipande vya sponji ambamo watoto walijirusha kutoka juu, rangi na brashi, nyundo, misumari na misumeno, nguo za maigizo, vinyago vya nyuso za viongozi wa dunia wakiwamo Mao na de Gaulle, na gramafoni ambazo watoto wenyewe walizitumia kupigia santuri walizozipenda. Mtu mzima alilipa kroni 5. Walio chini ya miaka 18 waliingia bure. Katika muda wa majuma matatu waliingia watu 33,576, na kati yao watoto walikuwa wapatao 20,000.

Hapo ndipo tofauti ndogo ya sarufi inapofaa sana. Katika jumba la kawaida kila kitu kinaweza kuchezewa kwa maana ya ubaya, kwa sababu hapana hata kimoja kilicho cha kuchezea. Nielsen alibadilisha hali ya vitu vyenyewe. Mbao, rangi na sponji vilikuwa vya kuchezea tangu walipoviingiza mlangoni, na kwa hiyo hapakuwa na namna ya kuvichezea vibaya: mtoto aliyepaka rangi ukuta au kuongeza kibanda juu ya kibanda hakuwa ameharibu maonyesho bali alikuwa ameyaendeleza. Hata hivyo isisemwe kwamba refa alikuwa ameondolewa. Kamera zilifungwa ukumbini, na watu wazima waliweza kuwatazama watoto katika televisheni. Nielsen hakuficha kwamba kiwanja hicho kilikuwa pia uchunguzi: alitaka jamii ione watoto wanajenga uhusiano gani baina yao wanapoachiwa vifaa vya watu wazima. Neno mfano alilolichagua lilikuwa na kiburi kidogo ndani yake, kwani mwenye kuitwa mfano hakuulizwa. Lakini kati ya majaribio yote yanayotajwa hapa, hili ndilo lililokuwa na imani kubwa kuliko yote kwa wachezaji wake, na huenda ni kwa sababu wachezaji hao walikuwa watoto. Mtoto akivunja, husemwa kwamba anajifunza. Mtu mzima akivunja huitwa mhuni.

Ukweli wa kauli hiyo ulidhihirika London mwaka 1971. Jumba la Tate Gallery lilikuwa limemwomba Robert Morris, mchongaji Mmarekani aliyekuwa na jina kubwa, afanye maonyesho ya kazi zake za miaka iliyopita. Morris aliona kwamba kukusanya kazi za zamani ni kujizika hai. Badala yake alijaza kumbi ndefu za Tate vitu vya plaiwudi, magogo, mawe, vyuma na kamba: miteremko ya kupanda, majukwaa yanayoinuka upande mmoja na kushuka upande wa pili, mapipa makubwa ya kutembeza kwa miguu, njia nyembamba za kupenya, mizigo ya kuburuta. Kando ya vitu hivyo paliwekwa picha za mtu akivitumia, ili mgeni aone la kufanya. Nia yake haikuwa kuwafurahisha watu. Alitaka mtu mzima aujue uzito wa mwili wake mwenyewe, ajue kusawazisha, ajue kuchoka, na kwamba ujuzi huo uhesabiwe kuwa ni sehemu ya uchongaji sawa na ujuzi wa macho.

Maonyesho yalifunguliwa tarehe 28 Aprili. Yalikusudiwa kuendelea hadi Juni. Yalifungwa baada ya siku tano. Umati ulikuwa mkubwa, na ulifanya kwa vitu vile mengi kuliko yaliyoonyeshwa katika picha. Watu walichomwa na vibanzi vya mbao, wakachubuka, wakateguka, plaiwudi ikapasuka, mabawabu waliozoea ukimya wakashindwa kuwazuia. Magazeti yalipata kicheko chao. Jumba likaja kufunguliwa tena likiwa na maonyesho ya kawaida ya kazi za Morris, za kutazama.

Lawama ziligawanywa wakati ule kati ya msanii aliyetumia mbao zisizopigwa randa na umma uliokosa adabu. Mgawanyo huo hauridhishi. Umma uliambiwa ucheze, ukacheza; uliambiwa vitu vina uzito, ukaupima. Kilichokosekana si adabu bali duara. Picha zile za maelekezo zilizungumza na mgeni mmoja mmoja, kana kwamba kila mmoja amekuja peke yake. Hazikuunda zamu, wala mwenye kukaa pembeni akatazama na kuhukumu, wala aliyezoea wa kumwonyesha mgeni. Anayeingia katika kirumbizi amekwisha kukitazama kirumbizi kwa miaka. Watu wa London walipewa mchezo usio na wazee wake. Siku tano ni muda mfupi mno kwa mchezo kuzaa miiko yake, na jumba halikuwa tayari kungoja siku ya sita. Je, umma ule ungalipewa majuma matatu, kama watoto wa Stockholm, ungaliishia wapi? Swali hilo haliwezi kujibiwa, lakini si swali la upuuzi, na uamuzi wa kufunga ndio uliolifanya lisijibike.

Majumba ya sanaa yalijifunza somo lao. Kilichofuata, hasa tangu mwisho wa karne iliyopita, hakikuwa kurudi kwenye vioo na kamba bali kuukubali mchezo na kuuwekea refa ndani ya kitu chenyewe. Mwezi wa Oktoba 2006 Carsten Höller aliweka katika ukumbi mkubwa wa Tate Modern, jumba jipya lililozaliwa na lile la zamani, mirija mitano ya chuma na plastiki ya kuteleza, mmoja wao ukianzia ghorofa ya tano na kuwa na urefu wa zaidi ya mita 50. Watu walifurika hadi mwezi wa Aprili mwaka uliofuata. Kwa mirija mirefu walipewa tiketi zenye saa zao. Mtu akishaketi pale juu hana la kuamua tena: hawezi kugeuka, hawezi kusimama, hawezi kuufanyia mrija jambo lolote ambalo haukuundwa kufanyiwa. Mvuto wa ardhi ndio unaochezesha, na hapana bawabu mwaminifu kama huo. Furaha ilikuwa ya kweli, na ni unafiki kuikana. Mayowe ya wenye kuteleza yalisikika ukumbi mzima. Lakini aliyeteleza wa kwanza na aliyeteleza wa mwisho waliuacha mrija vile vile.

Mwaka 2009 jumba hilo hilo liliyajenga upya maonyesho ya Morris ya 1971. Safari hii mbao zilipigwa randa, kingo zikalainishwa, vifaa vikachaguliwa kwa kufuata kanuni za usalama za wakati huo, na wasimamizi walikuwa wa kutosha. Yalikuwa yamepangiwa siku chache za mwisho wa mwezi wa Mei, yakaongezewa muda kwa kupendwa. Hii ndiyo tofauti ya miaka thelathini na minane: mara ya kwanza yalifupishwa kwa sababu watu walicheza, mara ya pili yakarefushwa kwa sababu hiyo hiyo.

Mwaka uliofuata Ai Weiwei alitandaza katika ukumbi huo mbegu za alizeti milioni mia moja zilizotengenezwa kwa kaure, kila moja ikiwa imepakwa rangi kwa mkono na mafundi wa Jingdezhen, mji wa Uchina uliotengeneza kaure kwa karne nyingi. Wageni waliruhusiwa kutembea juu yake, kuketi, kuzichota. Baada ya siku chache tu ruhusa iliondolewa, kwa kuwa vumbi lililopaa kutokana na nyayo zao lilionekana kuwa na madhara kwa mapafu. Kuanzia hapo walizitazama kutoka kando, nyuma ya kamba. Wengi walisikitika kwamba kazi imekufa. Ingaliweza kusemwa kinyume chake: vumbi lile ndilo jambo la kwanza ambalo mbegu zile ziliwaambia wageni kuhusu kaure kama kitu kinachofanyiwa kazi, na ni jambo ambalo fundi yeyote wa kaure analijua bila kwenda Tate.

Wananadharia hawakukaa kimya katika miaka hiyo. Nicolas Bourriaud, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu sanaa ya uhusiano, aliisifu sanaa ambayo zao lake ni kukutana kwa watu. Claire Bishop alimjibu mwaka 2004 kwa kuuliza ni uhusiano wa namna gani, wa nani na nani, na kwa faida ya nani. Swali la Bishop ndilo zito zaidi, na kwa sehemu kubwa ni swali la mnyambuliko wa kitenzi.

Kwa upande wa istilahi, waandishi wa Kiswahili wameanza kutumia maneno maonyesho shirikishi. Yanasomeka vizuri, lakini yanaahidi mengi. Kushiriki ni kuwa na fungu: mshirika katika biashara hupata faida yake na hasara yake. Mgeni wa Tate wa mwaka 2006 hakuwa na fungu katika mirija ile, na hasara iliyompata yule wa mwaka 1971 alirudi nayo nyumbani peke yake. Fasihi simulizi ina istilahi iliyo karibu zaidi na jambo lenyewe, kwani fanani wa ngano hawezi kuanza mpaka hadhira imemwitikia, na asipoitikiwa hana hadithi. Huo ni ushirika. Kwa mengi ya yale yanayoitwa shirikishi leo, neno maonyesho ya kuchezesha lingekuwa na ukweli zaidi, hata kama wenye majumba hawatalipenda.

Lygia Clark, Mbrazili mwenzake Oiticica, alianza mwaka 1960 kutengeneza *Bichos*, yaani wadudu au wanyama: sanamu ndogo za bati zilizounganishwa kwa bawaba, ambazo hazina umbo mpaka zishikwe na kukunjwa. Sanamu hizo sasa zina bei kubwa. Katika maonyesho yake makubwa huko New York mwaka 2014, wageni walipewa nakala wazikunje, na zile alizozitengeneza mwenyewe zikalindwa zisiguswe. Mwaka 2017 jumba la Whitney, katika mji huo huo, lilimfanyia Oiticica maonyesho kama hayo. Mchanga ulimwagwa, viatu vikavuliwa, na nakala za Parangolé zikawekwa ili anayetaka avae.